Lugha ya Swali na Haki ya Mtahiniwa: Maswali ya Kuchagua Jibu katika Shule za Sekondari



Maswali ya kuchagua jibu yamezoeleka mno hata tunasahau kwamba nayo ni matini, na kila matini husomwa kwa kanuni za lugha yake. Tangu Frederick Kelly alipoyatumia kupima usomaji huko Kansas, Marekani, katikati ya miaka ya 1910, yamesifiwa kwa wepesi wa kusahihishwa na kwa kutompendelea yeyote. Sifa ya kwanza haina ubishi. Ya pili inategemea mtunzi, na hapo ndipo isimu inapopaswa kusema neno.

Tuanze na hesabu. Mtahiniwa asiyejua lolote, akibahatisha maswali 40 yenye machaguo manne kila moja, hutarajiwa kupata takriban 10. Sasa tutazame swali hili la msamiati: “Fundi alilainisha mbao kwa ____ kali. A: msumeno, B: randa, C: msumari, D: nyundo.” Kivumishi “kali” kinapatana na randa na nyundo tu, msumeno na msumari vingedai “mkali”. Upatanisho wa kisarufi umekwisha kuviondoa vipotoshi viwili, na bahati imepanda kutoka robo hadi nusu. Maswali yote 40 yakivuja namna hiyo, asiyejua atatarajiwa kupata 20. Mfumo wa ngeli, ambao ni fahari ya Kiswahili, umegeuka kuwa mfichua siri. Tiba ni nyepesi: mtunzi aondoe kivumishi, au achague vipotoshi vya ngeli moja.

Aina ya pili ya kasoro humuumiza anayejua. Chukua swali: “Katika sentensi ‘Amina alimletea Juma kitabu chake’, kitabu ni cha nani? A: Amina, B: Juma.” Kimilikishi “chake” kinaweza kurejelea yeyote kati yao. Mwanafunzi wa juujuu atachagua upesi na huenda akapata alama. Mwenye jicho la sarufi atauona utata, atasita, na huenda akakosa. Mtihani unaomwadhibu mjuzi kwa ujuzi wake umeshindwa kazi yake.

Aina ya tatu ni ukanushi. “Ipi kati ya sentensi hizi si sahihi?” Neno “si” lina herufi mbili tu, na jicho lenye haraka huliruka. Pale ambapo ukanushi hauepukiki, upigiwe mstari. Kwa wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, ambao husoma masomo mengi kwa Kiingereza baada ya elimu ya msingi kwa Kiswahili, mzigo huu huongezeka: swali la baiolojia lenye ukanushi laweza kupima Kiingereza kabla ya kupima baiolojia.

Mtahiniwa naye ana wajibu wake. Kwanza, afunike machaguo, asome shina la swali, ajijibu mwenyewe, ndipo alinganishe. Kwa njia hiyo vipotoshi havitamtangulia kufikiri. Pili, pasipokuwa na adhabu ya kukosea, asiache swali wazi. Tatu, asiogope kubadili jibu akiwa na sababu. Imani kwamba jibu la kwanza ndilo la kweli imeenea, lakini utafiti wa Kruger, Wirtz na Miller uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba majibu yanayobadilishwa hutoka kwenye kosa kwenda kwenye usahihi mara nyingi zaidi kuliko kinyume chake.

Hata hivyo, mbinu za mtahiniwa haziwezi kuponya swali bovu. Kwa hiyo napendekeza kwamba idara zetu zinazoandaa walimu wa Kiswahili zifundishe utunzi wa maswali kama tawi la isimu tumizi, na kwamba kila mwalimu, kabla ya kutoa mtihani, ampe mwenzake asiyefundisha somo hilo aujaribu. Huyo akifaulu kwa sarufi peke yake, maswali yarudishwe mezani.

Alama moja yaweza kumpandisha kijana daraja au kumrudisha nyumbani. Haifai itolewe, wala inyimwe, na kiambishi.