Habari za redio na mtoto wa jirani

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Ganze, Langobaya, Chakama na Gongoni. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Nimewekwa kabla ya chakula na najua mwenye njaa hasikilizi sana. Nitajaribu kutowachosha.

Niliambiwa nizungumze juu ya ulinzi wa watoto. Haki za mtoto mmezisikia katika semina nyingi, wengine wenu mnaweza kunifundisha mimi. Lakini kuna jambo hatulizungumzi. Siku hizi mtu akiona mtoto anateswa kwa jirani, mbona anasita kwenda kwa chifu, au polisi, au ofisi ya watoto? Zamani tulisema ni kutojua. Sasa watu wanajua ofisi iko wapi, wanajua hata namba ya simu, na bado hawaendi. Mimi naona sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya redio zetu, magazeti, na hizi simu mlizoshika mikononi.

Nianze na la kwangu. Katikati ya mwaka 2023 mama mmoja wa kikundi chetu alinijia jioni. Jirani yake alikuwa amemtoa mtoto shuleni, na mtoto yule hakuonekana tena hata kisimani. Usiku alisikika akilia. Mimi ni mtu wa kujitolea katika mambo haya, kazi yangu ni kuzifikisha habari kama hizo. Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Mama, tungoje kidogo tuone." Naye akajibu, "Hata mimi nasema hivyo. Hata ile ya Shakahola si ilipelekwa polisi? Ikawaje?" Basi tukangoja. Tulingoja siku 11.

Mtoto alipotolewa hakuweza kusimama bila kushikwa. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini zile siku 11 ni zangu mimi na yule mama. Hakuna afisa wa kutubebea.

Sasa tuseme ukweli juu ya Shakahola, maana wengi hapa mna ndugu waliopotelea kule. Yule mhubiri, Paul Mackenzie, hakuanza kujulikana mwaka 2023. Mwaka 2017 alikuwa amekwisha kukamatwa hapa Malindi kwa mambo ya kuwazuia watoto wasiende shule. Machi 2023 alikamatwa tena, watoto wawili wakiwa wamekufa kwa njaa mikononi mwa wazazi waliokuwa wafuasi wake, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Mwezi uliofuata ndipo polisi wakaingia msituni, na makaburi yakaanza kufukuliwa. Miili ikapita 400. Februari 2024 yeye na wenzake walisomewa mashtaka ya kuwaua watoto 191, wakakana. Na Machi 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikatoa ripoti iliyosema wazi kwamba maafisa wa usalama wa Malindi walishindwa na wajibu wao, ingawa habari walipelekewa.

Kwa hiyo yule mama hakusema uongo. Habari zilipelekwa kweli, na kweli hazikufanyiwa kazi.

Wako watu, hata ndani ya makanisa, waliosema waandishi wa habari waliiharibia Malindi jina, eti wangenyamaza. Mimi sikubali. Jina liliharibiwa na yale makaburi. Bila kamera zile, watu wa Nairobi wangejuaje? Ile shilingi 10,000 tungeisikia wapi?

Lakini angalieni jinsi habari ile ilivyotufikia. Miezi miwili, asubuhi na jioni, tulihesabiwa miili. Leo kadhaa, jana kadhaa. Tulisikia nani alishindwa kazi. Hiyo ni haki yetu kusikia. Ila kuna upande ulioguswa siku moja tu ukaachwa. Mwezi ule wa Aprili polisi waliingia msituni kwa sababu watu wa kawaida waliendelea kusema. Jamaa waliokuwa wakitafuta watu wao, walioitoroka imani ile, na watetezi wa haki za binadamu wa hapa Malindi, walisema, wakapuuzwa, wakasema tena. Na siku zile za kwanza walitolewa watu wakiwa bado hai. Wachache, na baadhi yao walikufa baadaye, lakini wako wanaoishi leo. Mngapi mnakumbuka habari yao? Mnaona. Ya makaburi tunaikumbuka sote.

Ndiyo maana masikioni mwetu likabaki neno moja: kupeleka habari ni kazi bure. Na neno hilo, mtu akilishika, analipa mtoto mwingine. Lile la Shakahola lilikuwa limekwisha. Mtoto wa jirani yangu alikuwa yu hai.

Msifikiri ni sisi tu wa Pwani. Kule London, Uingereza, Agosti 2007, mtoto wa miezi 17 aitwaye Peter Connelly alikufa kwa mateso nyumbani kwao, na wafanyakazi wa serikali walikuwa wakimtembelea siku zote. Mwaka 2008 habari ilipotoka mahakamani, magazeti yaliwaka moto. Gazeti moja, The Sun, lilikusanya sahihi zaidi ya milioni moja kutaka wafanyakazi wale wafukuzwe. Mkuu wa idara akaondolewa. Mwaka 2011 mahakama ya rufani ikasema hakuondolewa kwa haki. Na baada ya kelele zile, maombi ya kuwatoa watoto kwa wazazi wao yalipanda sana, maana kila afisa aliogopa asije akawa yeye wa kesho gazetini. Kuwapata wa kufanya kazi ile nako kukawa shida. Kule afisa aliogopa akawachukua watoto wengi. Huku kwetu ni mwananchi aliyevunjika moyo akanyamaza. Njia ni mbili, lakini zote zilianza na habari iliyotafuta mtu wa kulaumiwa na haikuuliza kazi hiyo hufanywaje.

Kuna jingine la zamani kidogo. Desemba 2006 serikali na UNICEF walitoa ripoti juu ya watoto wanaotumiwa kingono katika Pwani yetu, Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Ilikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000. Habari zikaenea dunia nzima, na picha iliyobaki vichwani ni ya Mzungu mzee mwenye kofia ufukweni. Lakini ripoti ile ile ilisema wateja waliokuwa wengi kuliko taifa lingine lolote ni Wakenya wenyewe, asilimia 38. Waitaliano walikuwa 18, Wajerumani 14, Waswisi 12. Hao wageni wapo, na makosa yao ni makosa. Ila kwa miaka mingi sisi tukachunga milango ya hoteli, na mjomba, boda boda, na yule mwenye duka anayekopesha sukari, hatukuwatazama. Habari isiyokamilika humfundisha mtu kuchunga mlango usio wenyewe.

Haya. Sasa nije kwa lile linaloniuma zaidi, na hapa sitataja kijiji, wala stesheni ya redio, wala mwaka.

Msichana mmoja wa shule ya msingi alifanyiwa ubaya na mtu wa ukoo wao. Mamake hakukubali mbuzi. Mnajua ninachosema, wazee wa ukoo hukaa chini ya mwembe, mbuzi analetwa na shilingi kidogo, mambo yanaisha. Mama yule akasema hapana. Akaenda hospitali, akaenda polisi, akafanya kila kitu tulichomfundisha. Mtu akakamatwa. Siku ya pili, redio ikatangaza. Jina la mtoto hawakulitaja, na nadhani waliona hiyo inatosha. Lakini walitaja kijiji, wakamtaja mama kwa jina na kazi yake ya kuuza mahamri karibu na shule. Sasa niambieni, katika kijiji kile kina mama wangapi wanauza mahamri karibu na shule? Kufika saa nne kila mtoto darasani alikuwa anajua. Halafu kijana mmoja akapiga picha nyumba yao kwa simu, ikazunguka katika vikundi vya WhatsApp na maneno ya kuhurumia, "pole mama". Hata huruma inaweza kumvua mtu nguo.

Yule msichana hakurudi shule ile. Alipelekwa kwa nyanya yake mbali.

Na sasa sikilizeni. Miezi mitano baadaye, si mbali na pale, mama mwingine alikuwa na jambo kama lile. Nikamwendea. Alinisikiliza vizuri, akanipa maji, akasema, "Mwanangu, mimi sikatai sheria. Lakini sitaki mtoto wangu asomwe redioni." Sikuwa na la kumjibu.

Sheria tunayo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na kabla yake ile ya 2001, inamlinda mtoto aliye na kesi: jina lake, makao yake, shule yake, wazazi wake na picha yake si vya kutangazwa. Waandishi nao wana kanuni zao za kazi zinazosema hivyo hivyo. Wengi wanazifuata, nisiwaseme wote. Lakini anayesoma habari saa moja asubuhi ana haraka, na sisi wenyewe ndio tunaompigia simu kumpa majina. Hilo tulikubali. Kijana aliyepiga picha ile hakuwa mwandishi, alikuwa mwana kikundi kama sisi.

Kwa hiyo katika kikundi chetu tumejaribu mambo fulani. Si mengi, na moja halikufaulu.

Kwanza tulinunua daftari. Mwana kikundi akipeleka habari ya mtoto, tunaandika tarehe, ofisi aliyofika, na kama ni polisi, namba ya OB. Usitoke stesheni bila namba ya OB, hata ukiambiwa rudi kesho. Hatuandiki jina la mtoto, tunaweka alama. Kisha baada ya siku 7 watu wawili wanarudi kuuliza. Wawili, si mmoja, maana mmoja huambiwa afisa hayupo. Na kama ofisi iko mbali, ile namba 116 haina malipo, inapigwa usiku na mchana. Wanaojibu pale wana orodha yao nao, na ni vizuri jambo liwe limeandikwa mahali pawili.

Mimi nililotambua katika daftari lile ni kwamba mambo mengi huanza kusogea mara ya pili au ya tatu ya kuuliza. Ofisi ya watoto ina maafisa wachache na eneo kubwa, tangu Mtwapa mpaka huko juu Magarini na Ganze, na gari wakati mwingine halina mafuta. Sisemi hivyo ili kuwatetea. Nasema ili mtu asikate tamaa siku ya kwanza akadhani amepuuzwa, kumbe hajafikiwa. Na akiwa amepuuzwa kweli, daftari litasema tarehe ngapi na mara ngapi.

La pili, tulimwendea mtangazaji mmoja wa redio tunayoisikiliza. Tulimwomba mambo mawili tu: asitaje kijiji, na habari ikishatangazwa, arudi baada ya mwezi atuambie iliishia wapi. La kwanza alikubali hapo hapo. La pili alicheka, akasema, "Baada ya mwezi nani atasikiliza?" Tukamwambia sisi tutasikiliza. Mpaka leo amerudi mara mbili. Si haba. Moja ya zile mbili ilikuwa habari ya mtoto aliyerudishwa shule, na wiki hiyo watu watatu walikuja kutuambia mambo ya watoto wa kwao. Sijui kama ni redio au ni bahati, nawaeleza nilivyoona.

Lisilofaulu ni kukataza picha katika kikundi cha WhatsApp. Tulikubaliana wote kwa mikono juu. Agosti 2025, makaburi mengine yalipofukuliwa Kwa Binzaro, huko huko Chakama, picha zikaanza tena, na aliyetuma ya kwanza ni mweka hazina wetu. Alisema aliitaka dunia ione. Tulizungumza naye mpaka usiku. Bado hatujamaliza.

Nimeona mpishi anachungulia mlangoni, basi nisimalize uvumilivu wenu. Nina ombi moja. Yule mama aliyenipa maji nilimwahidi kwamba nitarudi kwake Jumanne. Nimeongea na afisa wa watoto, na amekubali kumwona nyumbani kwa mtu mwingine, bila gari la serikali kusimama mlangoni pake. Nataka mama mmoja kati yenu tufuatane, anayejua kukaa na mtu bila maneno mengi. Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, na mwendo ni mrefu kidogo. Anayeweza, anione nje baada ya chakula.