Kadimi Ndani ya Punje

Mei 2013 mamlaka ya chakula ya jiji la Guangzhou, China, ilitangaza kwamba kati ya sampuli 18 za mchele na bidhaa zake, 8 zilizidi kiwango halali cha kadimi, metali yenye sumu. Mwanzoni majina ya wazalishaji hayakutajwa. Wananchi wakapaza sauti, ndipo yakatolewa. Mchele mwingi uliozidi kiwango ulitoka Hunan, mkoa wenye mashamba makubwa ya mpunga na, kwa bahati mbaya, migodi na viwanda vya metali. Mpunga hufyonza kadimi udongoni, hasa udongo ukiwa na asidi, na sumu hiyo huingia ndani kabisa ya punje, mahali ambapo kuosha mchele hakufiki.

Wapo wanaosema hofu ilitiwa chumvi, kwa kuwa China huruhusu miligramu 0.2 kwa kilo, ilhali kiwango cha kimataifa ni 0.4. Hoja hiyo ina uzito, lakini inamsahau mlaji. Kadimi hukaa kwenye figo miaka 10 hata 30, na anayekula wali kila siku huilimbikiza kidogo kidogo. Huyo anastahili kiwango kikali, tena ajulishwe ni mfuko upi una kasoro kabla hajaununua. Chokaa shambani hupunguza ufyonzaji wa kadimi, ila maji machafu ya viwandani yasipozuiwa, mkulima ataendelea kumwaga chokaa msimu baada ya msimu.