Miezi Sita ya Jiji: Asilimia Kumi Imefika Wapi?

Kila Desemba 31, vitabu vya halmashauri za Tanzania hufika katikati. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30, kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi ya madiwani kuletewa taarifa ya nusu mwaka: jiji lilipanga nini, limekusanya kiasi gani, limetumia wapi.

Jambo la kwanza kusomwa huwa ni makusanyo. Ushuru wa huduma, leseni za biashara, ushuru wa masoko na stendi hujumlishwa, inatajwa asilimia ya lengo, meza zinagongwa. Hapo ndipo wengi huchoka kusikiliza, na hapo ndipo taarifa inapaswa kuanza kusikilizwa kwa makini.

Ndani ya jumla hiyo kuna fedha ambazo tayari zina mwenyewe. Michango ya bima ya afya ya jamii ni ya matibabu ya wanachama, na fedha za mradi wa viwanja zimefungwa kwenye mradi wake. Halmashauri huyaita mapato lindwa. Yakishaondolewa, yanabaki mapato yasiyolindwa, na hapo sheria inadai tena fungu lake: asilimia kumi kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu.

Zamani fungu hilo lilitegemea maelekezo na utashi wa halmashauri. Mwaka 2018 Bunge liliongeza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na tangu hapo kutenga ni wajibu.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme jiji limekusanya shilingi bilioni 40 zisizolindwa kufikia Desemba. Mfuko wa mikopo hiyo unadai bilioni 4: bilioni 1.6 za wanawake, bilioni 1.6 za vijana, milioni 800 za watu wenye ulemavu. Deni hili hufuata fedha iliyoingia, wala si ile iliyokadiriwa. Mkurugenzi hawezi kujitetea kwamba lengo la mwaka halijafikiwa, kwa sababu asilimia kumi ya kidogo kilichopatikana nayo ni haki ya walengwa.

Mfuko huu umeshapata misukosuko. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilianika vikundi hewa vya wakopaji, madeni yasiyorejeshwa na halmashauri zilizochangia pungufu. Aprili 2023 Serikali ikasitisha utoaji wa mikopo. Ulirejea katika mwaka wa fedha 2024/25 ukiwa na kanuni mpya, na halmashauri kumi, yakiwamo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, zikachaguliwa kujaribu kukopesha kupitia benki. Serikali ilitangaza kwamba zaidi ya shilingi bilioni 227 zingekopeshwa nchi nzima mwaka huo.

Benki inaweza kumchuja mkopaji na kufuatilia marejesho, lakini haiwezi kukopesha fedha ambayo jiji halijaihamisha. Ndiyo maana mapitio ya nusu mwaka yana uzito kuliko taarifa ya Juni.

Fikiria kikundi cha mafundi cherehani wanaoshona sare za shule. Vitambaa wanavihitaji Novemba, kwa sababu shule hufunguliwa Januari. Mkopo ukitoka Machi, watoto wameshavaa, na mafundi wamebeba deni lisilo na soko. Baadaye wataandikwa wadaiwa sugu, ilhali aliyewachelewesha ni aliyeshikilia fedha yao.

Hatari nyingine hujitokeza mwishoni mwa mwaka. Halmashauri iliyozembea tangu Julai hukurupuka Juni kumwaga fedha zote kwa mpigo ili taarifa isomeke vizuri. Maofisa maendeleo ya jamii hulazimika kukagua vikundi vingi kwa siku chache, na katika haraka hiyo vikundi hewa hupata upenyo. Mkaguzi anayevikuta mwaka unaofuata anakuta fedha imeshaondoka.

Kwa hiyo diwani anayewapenda wapiga kura wake ana namba tatu za kudai kabla ya kupitisha taarifa. Ya kwanza ni jumla ya mapato yasiyolindwa hadi Desemba 31. Ya pili ni kiasi kilichoingia kwenye akaunti ya mikopo, pamoja na tarehe za kuingia na mgawanyo wa makundi yote matatu, ili ile asilimia mbili ya watu wenye ulemavu isimezwe na nyingine. Ya tatu ni marejesho ya mikopo ya zamani, ambayo nayo yanapaswa kurudi kukopeshwa, si kuziba mapengo ya posho na mafuta ya magari.

Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Mama lishe wa Kariakoo na dereva wa bodaboda wa Dodoma wanaruhusiwa kukaa na kuzisikia namba hizo zikisomwa. Pengo likionekana Februari, miezi ya kulilipa bado ipo: ratiba iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, mwezi kwa mwezi hadi Juni, na Mkurugenzi alieleze baraza utekelezaji wake kwenye taarifa ya robo ya tatu.