Fairford: Vioo Vinavyosomwa kwa Miguu

(Muziki wa kinanda unaingia, kisha unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Leo tuko Fairford, mji mdogo wa Gloucestershire nchini Uingereza, katika kanisa la parokia la Mtakatifu Maria. Lina madirisha 28 ya vioo vya rangi vya mwanzoni mwa miaka ya 1500, na hakuna kanisa jingine la parokia nchini humo lililobakiwa na vioo vya enzi hiyo karibu vyote kama hili. Wengi huviita Biblia ya wasiojua kusoma. Sifa hiyo ni nzuri, ila haitoshi. Vioo hivi vilipangwa sambamba na jengo, na anayevitazama kama picha zilizotundikwa ukutani ameipata nusu tu ya habari.

Tuanze na jengo lenyewe. John Tame, tajiri wa biashara ya sufu, alilijenga upya mwishoni mwa karne ya 15. Alifariki mwaka 1500, na mwanawe Edmund akaimalizia kazi. Wajenzi wa zama hizo walipenda nguzo nyembamba na madirisha mapana, hata ukuta ukabaki kama fremu tu, na mafundi wa vioo wakapata pa kupangia hoja nzima. Simama katikati ukielekea altare. Kushoto, upande wa kaskazini, wamesimama manabii; kulia wanatazamana na mitume, kila mtume na kipengele chake cha Kanuni ya Imani. Ahadi iko huku, utimilifu kule, nawe uko katikati yake. Inua macho kwenye madirisha ya juu: kaskazini ni watesi wa Kanisa, na mashetani juu yao, kusini ni wafiadini, na malaika juu yao. Kumbuka kwamba kule jua halifiki utosini kama kwetu. Mchana hupita upande wa kusini mwaka mzima. Wafiadini wanang'aa kwa jua, watesi wanabaki kivulini.

(Muziki mfupi.)

Kuna atakayeuliza: mkulima wa wakati ule angeyajuaje yote hayo, ilhali maandishi ni ya Kilatini na madirisha ya juu yako mbali na macho? Swali hilo linaipa nguvu hoja yangu. Asiyejua herufi alijua kaskazini na kusini, giza na mwanga, juu na chini. Mpangilio ulimfundisha pale maneno yalipomshinda.

Mwingine atasema dirisha kubwa la magharibi, la Hukumu ya Mwisho, si la kale lote. Ni kweli: dhoruba ya mwaka 1703 ililiharibu, na katika karne ya 19 sehemu yake ya juu ikawekewa vioo vipya. Hasara hiyo ni kubwa, kwa kuwa mkono wa fundi wa kwanza haurudishiki. Lakini sogelea sehemu ya chini, iliyo ya kale, umwone shetani akimsukuma mwanamke kwenye toroli kuelekea motoni. Tazama pia rangi ya njano katika madirisha haya: fundi alipaka mchanganyiko wenye madini ya fedha juu ya kioo cheupe, akakichoma tanurini, njano ikaingia ndani ya kioo. Fito za risasi zinazoshika vipande ndizo zinazochora mipaka ya maumbo. Na hata baada ya matengenezo, mahali pa Hukumu hapakubadilika: mwisho wa safari, upande jua linakotua.

Kwa hiyo ukifika, usikimbilie dirisha maarufu. Anza kaskazini kwa Hawa na nyoka, zunguka kupitia altare, palipo na Msalaba, umalizie magharibi. Nenda alasiri, ili utakapoifikia Hukumu, jua liwe nyuma yake.

(Muziki unapanda, kisha unafifia.)