Ukimwi: Kifupisho Kilichogeuka Neno

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981, neno ukimwi halikuwamo. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na huko watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za magendo. Kisha kikaja kifupisho cha Upungufu wa Kinga Mwilini, na umbo lake likakibeba. Kinaanza na u-, kama ugonjwa, kama umaskini; mama sokoni akasema "ukimwi umemmaliza" bila kufundishwa upatanisho. Leo neno hilo limo kamusini, na wengi huliandika kwa herufi ndogo. Lakini VVU, kifupisho cha virusi vya ukimwi, bado tunakitaja herufi moja moja. Nalisikitikia jina la Juliana lililoachwa: lilibeba hofu ya wazazi waliokuwa wakizika watoto wao.