Andikianeni: Funzo Kutoka Majengo

(Mhadhara wa Ramadhan kwa vijana wa Eastlands)



Ndugu yangu kijana, dada yangu, Ramadhan Kareem. Wengi wenu mko chuo kikuu ama mtaingia karibuni, inshaallah. Leo sizungumzii kupita mtihani. Nazungumzia amana: chuo kikishirikiana na watu wa nje na faida ikapatikana, ni ya nani?

Jibu tusilitafute mbali. Liko hapa hapa Majengo, Pumwani. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Canada, walikuwa wakiwatibu na kuwapima akina mama waliokuwa wakiuza miili. Tusiwahukumu, hesabu ya mja iko kwa Mola wake. Ikaonekana baadhi yao, miaka nenda miaka rudi, hawaambukizwi virusi vya ukimwi. Kutokana na damu yao, wanasayansi wa Nairobi na wa Oxford, Uingereza, wakaanza kutafuta chanjo.

Mwaka 2000 ukazuka mvutano. Wenzetu wa Uingereza walikuwa wameomba hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, bila majina ya Wakenya. Kelele zikapigwa, watu wakaketi, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaingizwa katika umiliki. Chanjo yenyewe haikufaulu. Kufikia 2004 ilionekana kinga inayoamsha ni hafifu. Lakini somo lilibaki: haki iliyopatikana kwa kelele ingepatikana mapema kwa karatasi moja.

Na sisi aya tunayo. Suratul-Baqarah, aya ya 282, inatuamrisha kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kuandika si kumshuku mwenzio, ni kulinda udugu.

Kwa hivyo kampuni ikija chuoni kwako, ama profesa akikwambia mfanye utafiti mtaani, uliza kabla hamjaanza. Nani ataandikwa kuwa mvumbuzi? Pesa zikija, zitagawanywa vipi? Na mama aliyetoa damu, ama fundi wa jua kali pale Kamukunji aliyetoa ujuzi wake, atarudishiwa nini?

Hili la tatu ndilo husahaulika. Akina mama wa Majengo walipata matibabu, lakini kwenye hati hawakuwamo.

Ndugu yangu, mchana kutwa tunajizuia na chakula chetu cha halali. Basi vipi tukifuturu tule jasho la mtu?

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.