Walikuwa Wakitembea Tu

Neno lililotolewa na mwinjilisti wa Kamwokya, Kampala, katika ibada ya jioni ya maadhimisho ya ushirika wetu

    

Nimepewa dakika 20 nizungumze juu ya utume wa wazee wetu waliostaafu. Kesho asubuhi kuna jambo litaletwa kwenye kikao: tuendelee kutuma wazee, mume na mke, wakahudumu kwenye miji mikubwa, au fedha ile wapewe vijana wenye nguvu, wanunue kinanda na spika? Sitawaambia mpige kura vipi. Mimi nina toba tu ya kufanya mbele yenu, halafu nitakaa chini.

Mnaikumbuka vuli ya mwaka 2019. Mvua ile haikuwa ya kawaida, karibu Afrika Mashariki nzima ililia. Mwezi Septemba, kabla mvua haijakolea, nilikwenda stendi kuwapokea wazee wawili kutoka Mwanza. Walikuja na basi, wakapitia Bukoba, wakavuka mpaka Mutukula. Mzee alikuwa na miaka 64, fundi seremala. Mama alikuwa mkunga mstaafu. Walikuwa na sanduku moja, mwavuli mmoja na galoni ya asali. Wenyewe hawakutaka majina yao yatajwe, kwa hiyo nitawaita Mzee na Mama.

Mimi nilikuwa nimeshawaandalia ratiba. Mkutano wa injili siku tatu, mahubiri ya sokoni kila Ijumaa, semina ya ndoa. Nilikuwa nimeichapa vizuri kwa kompyuta. Mzee akavaa miwani, akaisoma yote mpaka chini, akaikunja, akaniambia, "Mwanangu, ratiba ni nzuri. Ila tupe kwanza siku za kutembea."

Nikadhani siku mbili au tatu. Wapendwa, walitembea wiki tano!

Wiki ya kwanza walikwenda pale Makumbusho ya Uganda, hapa hapa Kira Road. Makumbusho yale yalianza mwaka 1908, na jengo lile ni la mwaka 1954. Mimi miaka sita nimeishi Kamwokya, nilikuwa sijaingia hata siku moja. Wao walishinda humo, wakitazama ngoma na kuongea na walinzi. Wiki iliyofuata walikwenda Mengo. Siku nyingine unawakuta sokoni, hawanunui kitu, wamekaa na mama muuza mkaa wanakula rolex. Siku nyingine wako Kifumbira, kule bondeni kwenye mtaro, Mzee na fimbo yake, Mama na mwavuli. Jioni ukiwauliza, "Mmehubiri wapi leo?" Mzee anajibu, "Leo tumesalimia."

Tumesalimia! Mwenzenu nikakasirika. Nikaenda mbali zaidi. Usiku mmoja nikaandika ujumbe mrefu kwenye simu, nikautuma kwa katibu wetu wa utume. Nilisema wazee hawa ni watu wazuri lakini wamekuja kutalii kwa sadaka za watu. Nilisema warudishwe nyumbani, tuletewe vijana. Hivyo ndivyo nilivyoandika, na ujumbe ule bado ninao, sijaufuta.

Katibu alinijibu kwa mstari mmoja tu: "Mwinjilisti, wewe umetembea nao siku ngapi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikachukua Biblia yangu, nikawafuata.

Sasa sikilizeni. Ukitembea na mzee wa goti bovu, huwezi kwenda mwendo wa mwinjilisti. Kila hatua 20 mnasimama. Na mkisimama, mtu anatoka mlangoni. "Wasuze otya, ssebo?" Mzee anaitika. Kiluganda chake kilikuwa cha kuokoteza, watu wanacheka, wanamsahihisha, wanaleta kigoda. Asubuhi ile tuliingia nyumba saba. Nyumba zote saba mimi nilikuwa nikizipita kila Ijumaa na spika begani, nikielekea sokoni kuhubiri. Sikuwa namjua mtu hata mmoja humo kwa jina. Mzee alikuwa anawajua. Alikuwa na daftari la shule, la kurasa 96, ameandika kila nyumba: hapa bibi hawezi kuamka, hapa mama mja mzito miezi saba, hapa Mkongomani muuza vitenge, ana watoto wanne, kodi imemshinda.

Nikagundua kitu kingine. Kila mahali Mzee alikuwa na swali moja. Alikuwa anauliza, "Hapa kuna Nnaalongo?"

Kwa ninyi mliotoka mbali, Nnaalongo kwa Waganda ni heshima ya mama aliyezaa pacha. Si jina la mtu mmoja. Kumtafuta Nnaalongo Kampala ni kama ushuke Mwanza uanze kuulizia Mama Mdogo! Nikamwambia, "Mzee, Nnaalongo wako ni yupi?" Ndipo tukakaa kwenye jiwe pale karibu na mtaro, akanieleza.

Mzee aliwahi kufika Kampala kabla. Mnajua mwezi Aprili 1979 jeshi la Tanzania liliingia mji huu, na utawala wa Amin ukaanguka. Mzee alikuwamo, kijana wa miaka 24, na bunduki begani. Siku chache baadaye akiwa huku Kamwokya homa ikampiga, anatetemeka barabarani. Mama mmoja akatoka nyuma ya soko akamwita kwa mkono. Hakumwogopa. Akampa maji, akamnywesha mululuza, ule mmea mchungu wa homa, akamtandikia mkeka. Jirani walikuwa wanamwita Nnaalongo. Mzee alilala pale mpaka jioni. Kisha lori likaja, wenzake wakamwita, akarukia juu. Akaondoka bila kusema asante, kwa sababu hakujua inasemwaje.

Miaka 40, wapendwa. Aliniambia kila akimsikia mtu anasali kwa ajili ya Uganda, anaukumbuka ule mkeka. Alipostaafu na ushirika ukatafuta wazee wa kutumwa, aliomba Kampala. Na Mama alikuwa anajua habari yote. Alikubali kuja amsaidie kutafuta.

Je, alimpata? Hapana. Nataka kuwaambia ukweli, hakumpata. Nyuma ya soko sasa ni nyumba juu ya nyumba. Mtu mmoja mzima alisema anadhani mama yule alihamia kijijini zamani, mwingine alisema alishafariki. Lakini katika kumtafuta mmoja, walikuwa wameingia kwa akina Nnaalongo 11. Kila mmoja Mama alikaa naye, akamuuliza uzazi ule wa pacha ulikuwaje. Nani mwingine amewahi kuwauliza? Mama wale walikuwa wanalia, wanacheka. Na kabla ya kuondoka, Mzee anaomba, anasimama, anamwambia kila mmoja, "Weebale nnyo, Nnaalongo." Ile asante ya mwaka 1979 aliitoa mara 11.

Nikamuuliza Mama, na Mengo je, mlikwenda kutalii? Akacheka. Alisema alitaka kuona alipofanya kazi Bibi Katharine Cook. Daktari Albert Cook alifika Mengo mwaka 1897, na yeye Katharine alikuja mwaka huo huo akiwa muuguzi. Walioana mwaka 1900. Hospitali yao ya kwanza ilikuwa ya miti na nyasi. Bibi huyo ndiye aliyeanzisha mafunzo ya wakunga wa Uganda, mabinti wa hapa hapa. Walipofika umri wa kupumzika hawakurudi Uingereza. Bibi alifia hapa mwaka 1938, mzee akafia hapa mwaka 1951. Mama aliniambia, "Mimi nimezalisha watu maisha yangu yote. Nilitaka kuona ulipopita mguu wa aliyetangulia."

Ndugu zangu, someni Matendo ya Mitume sura ya 18. Akila na Prisila walifukuzwa Rumi, wakakaa Korintho, wakahamia Efeso. Watu wa mipaka, kama sisi. Kazi yao ilikuwa kushona mahema. Hatuambiwi waliita mkutano uwanjani. Lakini Paulo alipata pa kulala kwao, na Apolo, mhubiri hodari kwa maneno, wao ndio waliomchukua pembeni wakamfundisha njia vizuri zaidi. Mimi nilikuwa Apolo. Nilikuwa na sauti.

Mwezi Novemba, usiku mmoja, mvua ilinyesha mpaka mtaro wa Kifumbira ukafurika. Maji yaliingia ndani mpaka magotini. Vijana wetu walikuja kanisani na tochi, wakauliza, "Twende kwa nani kwanza?" Mimi mwinjilisti wa mahali sikujua. Mzee akafungua daftari. Nyumba ya bibi asiyeweza kuamka, nyumba ya mja mzito. Bibi tulimtoa mgongoni. Yule mama mja mzito uchungu ulikuwa umeshaanza. Mama alikwenda naye kwenye bodaboda, usiku ule ule, akamshika mkono mpaka zahanati. Mtoto yule sasa anatembea, huwa analeta fujo hapa mbele siku za Jumapili.

Waliondoka mwanzo wa Desemba. Ule mkutano wangu wa siku tatu hatukuufanya. Stendi, nilimwambia Mzee habari ya ule ujumbe niliotuma. Akanishika bega. "Katibu alinisomea," akasema. "Alinisomea siku ile ile." Kumbe muda wote alijua! Alinipeleka nyumba kwa nyumba huku anajua. Halafu akanipa daftari.

Machi 2020, magari ya abiria yalipozuiwa kwa sababu ya korona na watu wakafungiwa ndani, hatukuwa na kitu kingine cha kutuongoza. Tuligawa posho na maharage kwa kufuata mwandiko wa Mzee.

Katibu, nisamehe. Mwanza, mpelekeeni Mzee na Mama salamu, mwambieni mwinjilisti ametubu mbele ya watu. Kesho pigeni kura kama Roho atakavyowaongoza. Vijana pia ni wetu, na spika nazipenda bado. Lakini tazameni mstari wa tatu pale, wale mama wanne waliovaa gomesi. Simameni, mama zetu. Hao wote ni akina Nnaalongo. Hakuna aliyekuja kwa mahubiri yangu.

Daftari hili hapa. Kurasa za Mzee ziliisha, nimeshonea nyingine. Jumatatu nitakuwa Kifumbira. Mgeni anayetaka kutembea na mimi aje na viatu vya matope.

Bwana awabariki. Amina.